Namba Iliyobaki Ukutani Bonga

Saa moja asubuhi, Kandida Sulle yuko juu ya ngazi ya miti huko Maisaka, anafuta namba ya simu.

Ukuta ni wa kinyozi. Juu kuna picha ya kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri kuliko kinyozi mwenyewe anavyoweza kunyoa. Chini, pembeni kulia, kuna maneno madogo ya bluu: SULLE SANAA, na mbele yake tarakimu kumi. Jina analiacha. Tarakimu anazipaka rangi nyeupe, moja moja, akianzia ya mwisho kurudi nyuma.

"Nikianzia mwanzo nitaisoma," anasema bila kugeuza kichwa. "Na nikiisoma, mkono unakuwa mzito."

Kinyozi anafungua mlango, anamwamkia, anasimama kutazama. "Mama Romana, hapo unapofuta si uniandikie na yangu?"

"Yako nimeiandika kubwa mlangoni, mwanangu. Acha tamaa."

Kijana anacheka, anaingia ndani kuwasha redio. Kandida anashuka, anatoa daftari la shule kwenye mfuko wa aproni na kupiga mstari juu ya maneno "Kinyozi Maisaka". Huo ni ukuta wa arobaini na mbili. Katika daftari umebaki mmoja.

Kandida ana miaka thelathini na sita. Ni mama wa binti mmoja, Romana, na anaishi Singe kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye robo eka ya mahindi na mbaazi kwa nyuma. Kazi yake ni kuandika mabango na kuchora kwenye kuta. Hana ofisi wala bosi. Ana ngazi, makopo sita ya rangi ya mafuta, brashi tisa, uzi wa kupigia mstari wa chaki, na simu yenye kioo kilichopasuka.

Ukiwa umewahi kupita mji wa Babati, kazi zake umeziona. Ng'ombe mwekundu wa bucha moja karibu na stendi ni wake. Mkate unaotoa moshi, mbuzi aliyevaa miwani, cherehani yenye maua: vyote vyake. Mji mzima unamtazama kila siku, na wanaomjua akipita na ngazi begani ni wa kuhesabu.

Sasa ni miezi kumi na minne tangu aanze kuzunguka akirekebisha tangazo lake mwenyewe, ukuta kwa ukuta. Namba iliyokuwa kwenye kuta zake arobaini na tatu si yake tena. Ni ya mama mmoja mfugaji wa Simanjiro.

Rangi nyeupe aliyopaka juu ya tarakimu inahitaji saa mbili kabla ya kuandikiwa. Watu wa kazi hii huita kila mpako "mkono", na mkono wa kwanza ukishapita fundi hana la kufanya ila kusubiri ukauke. Zamani Kandida alikaa kivulini akala muhogo. Siku hizi saa hizo ndizo ofisi yake ya matangazo.

Anafuta vidole kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, anapiga picha ukuta na kuiweka kwenye status ya WhatsApp. Kisha anaegemeza simu kwenye kopo la rangi, anasimama akiipa mgongo, na kujirekodi. Uso hauonyeshi.

"Naitwa Kandida Sulle," anaanza. Mwanamke anayepita na ndoo ya maji anamtazama. Kandida anaacha, anajifanya anatafuta brashi. Mwanamke akishapita anaanza upya. Anarudia mara tano mpaka sentensi inatoka yote: "Naitwa Kandida Sulle, naandika mabango, nachora ukutani, niko Babati mjini."

"Sentensi moja tu hiyo," anasema, akijipepea kwa daftari. "Kuchora ng'ombe mzima, na kwato zake, ni rahisi kuliko kusema hivyo."

Mkono wa pili ukiwa unakauka, anawapigia wateja watatu wa zamani, kuwasalimia tu, bila kuomba kazi. Ukiwepo mkono wa tatu, anatembea mitaani akitafuta maduka yanayojengwa. Hapo ana utaratibu wake ambao hakuusoma popote.

"Ukienda wakati wa msingi, unaonekana una njaa. Ukienda kuta zimeshapakwa, umechelewa, ameshampa kazi shemeji yake. Nenda siku ya kupaua. Siku ya bati mtu anakuwa na furaha, na anaanza kuwaza jina la duka."

Bando la intaneti la kila siku ni buku, yaani shilingi elfu moja. Bango dogo analiandika kwa shilingi elfu arobaini, ukuta mzima ni maelewano. Kuna kipindi alipata kazi mbili kwa mwezi. Sasa anapata sita, mwezi mzuri saba. Kwa hesabu yoyote, kujitangaza kumemlipa.

Jioni, Romana akiwa anafanya kazi za shule, mama yake hufungua orodha ya watu walioangalia status na kusoma majina yote hadi mwisho. Mwandishi wa habari hii alidhani anatafuta wateja.

"Natafuta jina moja," anasema. "Simu yake ilikuwa kitochi, haina hayo mambo. Lakini mtu hununua simu. Sivyo?"

Jina hilo ni Wilbroad, kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano.

Walikulia kijiji kimoja cha milima ya Mbulu, watoto wa katekista aliyelima ngano na kuandika kwa mkono mzuri matangazo ya kanisa. Baba yao aliwalea kwa uji, sala na msemo mmoja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto akijisifu wakati wa kula, baba hakugomba. Alinyamaza tu mpaka mtoto aone aibu mwenyewe.

Waliposhuka Babati kutafuta maisha walikuwa na mgawanyo wao. Wilbroad aliandika herufi, Kandida alichora picha. "Akiandika neno, mstari wake ungeweza kuweka glasi ya maji juu isimwagike," anasema Kandida. "Saba yake ilikuwa na kamkato katikati, kama alivyoandika baba. Hiyo ndiyo ilikuwa mbwembwe yake peke yake."

Alimfundisha mdogo wake herufi pia, na zote zilikubali isipokuwa S. Tumbo la juu lilizidi la chini, halafu yote ikaegemea nyuma. Wilbroad alisema S hiyo imetoka kilabuni, imelewa pombe.

Hata hivyo, kila walipomaliza ukuta na kufika kwenye jina lao, alimpa Kandida brashi aandike S mbili za SULLE SANAA. Alisema kazi ya watu wawili ionekane mikono miwili. Ukisogea karibu na ukuta wowote wa zamani utaona mwenyewe: herufi nane zimenyooka, na S mbili zinayumba.

Namba waliyoandika mbele ya jina ilikuwa moja, ya simu moja waliyotumia wote. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha Wilbroad na alama za vidole vyake. Wakati ule hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa watu wa nyumba moja.

Miaka minne iliyopita, Wilbroad alipata kazi Dodoma kwa mkandarasi aliyehitaji mwandishi wa mabango. Asubuhi ya safari alimwachia Kandida simu na laini. "Alisema namba ni ya kazi, ibaki na kazi," Kandida anakumbuka. Huko alinunua laini nyingine, akawa anapiga kila Jumapili.

Baada ya mwaka alipiga akiwa na jambo. Mkandarasi alitaka mtu wa kuchora. Wilbroad alimwomba dada yake apige picha za kuta zake, azisafishe studio, aziweke kwenye albamu na kuja nayo Dodoma waione wakubwa.

"Nikamwambia mimi si machinga," Kandida anasema. Anasugua doa la rangi mkononi ambalo halitoki. "Nikamwambia kazi yangu iko ukutani, anayeitaka aje aione. Nikamkumbusha msemo wa baba. Akasema, 'Baba alikuwa anasema juu ya mdomo, Kandi, hakusema juu ya kazi. Na Babati si dunia.' Nikakata simu. Sikumuaga."

Anaendelea kusugua. "Mtu hujui ipi ndiyo ya mwisho. Ungejua ungeaga."

Siku tisa baadaye, katika msongamano wa mnada, simu iliibwa kwenye kikapu. Namba ya Wilbroad ilikuwa imehifadhiwa humo, na Kandida hakuwahi kuikariri. Alikwenda kuomba laini mpya yenye namba ile ile, akaambiwa aje mwenye vidole.

Mwenye vidole alikuwa Dodoma, na njia ya kumwita ilikuwa imeibwa. Wazazi walishafariki. Ndugu wa Mbulu hawakuwa na namba yake nyingine. Kandida alinunua laini yake, lakini hakugusa kuta.

"Nilisema ya nini kufuta, Krismasi atakuja, tutakwenda pamoja aweke kidole. Krismasi ikaja peke yake."

Mwaka mwingine ukapita. Kazi zikapungua, naye akadhani ni hali ya nchi. Hakujua kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Alilijua hilo siku mteja mmoja wa Singe alipomsimamisha barabarani kwa hasira.

"Alisema, 'Mama Romana, siku hizi umekuwa na maringo. Nimekupigia mara mbili unanijibu Kimaasai.'"

Kandida akatoa simu hapo hapo barabarani na kuipigia namba yake mwenyewe. Mwanamke akapokea.

Mwanamke huyo ni Naishiye, mama wa watoto wanne, anayefuga ng'ombe na mbuzi upande wa Terrat. Gazeti hili limezungumza naye kwa namba ile ile. Kiswahili chake ni cha taratibu, na hana haraka ya kumaliza hadithi.

"Mimi nilinunua laini mnadani, nikaweka kidole, ikawa yangu," anasema. "Halafu hawa watu wakaanza. Huyu anasema nataka ng'ombe mwekundu. Nikasema ng'ombe wekundu ninao, njoo na bei yako. Anasema hapana, nataka wa ukutani. Nikasema, hawa watu wa Babati wana shida."

Kandida anakiri kwamba siku ya kwanza alitaka kumwomba amrudishie namba. Alianza hata kuulizia bei. Naishiye akamweleza kwamba mwanawe mkubwa, Kuyioni, amehamia na mifugo upande wa Kiteto kutafuta malisho. Kijana hupanda kilima kutafuta mtandao, na namba aliyoishika kichwani ni hiyo moja.

"Nikimpa Kandida namba yake," anasema Naishiye, "mtoto wangu atampigia Kandida."

Kandida hakuuliza tena. "Ningemwambia nini? Shida yake ni ile ile yangu, ila yeye bado anapigiwa."

Badala yake wakawa marafiki. Naishiye alikariri namba mpya ya Kandida, na kila anayepiga akitaka bango anamtajia. Kwa mwaka mzima mama huyu wa Simanjiro amekuwa katibu wa msanii ambaye hajawahi kumwona. Fedha alikataa. Aliomba achorewe ng'ombe wake aliyekufa kwa ukame, na akamweleza sura yake kwa simu Jumapili mbili.

Kandida alimchora kwenye kipande cha bati na kukituma kwa lori. "Pembe iliyoinama ameiweka upande mwingine," anasema Naishiye. "Lakini macho ni yake. Nimemweka ndani, juu ya kitanda."

Kuna jambo moja ambalo Naishiye alilikumbuka walipokwishazoeana, na tangu hapo Kandida hana raha kamili. Mwanzoni, kabla wawili hao hawajajuana, mwanamume alipiga. Alisema, "Kandi?" Naishiye akamwambia amekosea. Akapiga siku nyingine, hivyo hivyo. Mara ya tatu hakuuliza.

"Alisema, 'Basi mwambie nimeelewa,'" anasimulia Naishiye. "Mimi sikujua nimwambie nani. Namba yake haikukaa kwenye simu. Sasa nasikitika. Ningemwambia subiri."

Kandida anajua kaka yake alielewa nini. Alielewa kwamba dada yake ameitoa namba kwa sababu ya hasira, asipigiwe tena.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya Misa, Kandida huipigia namba yake ya zamani. Wanasalimiana kwa urefu, habari za watoto, habari za mvua, habari za ng'ombe. Halafu ananyamaza, na Naishiye husema bila kuulizwa, "Hajapiga."

Saa saba mchana, namba yake mpya ikiwa imekauka kwenye ukuta wa kinyozi, Kandida anakodi bodaboda kwenda Bonga. Anabeba makopo matatu, brashi na bomba lenye karatasi la kaki ndani. Ngazi ameiacha. Huko kuna ya kuazima.

Ukuta wa arobaini na tatu ni wa duka la pembejeo la Coletha, mama wa miaka sitini na moja anayeitwa na wengi Mama Jenipher. Duka linatazama barabara ya Dodoma. Ukutani kuna ng'ombe wa maziwa mwenye macho ya mtu aliyelala vizuri, na juu yake maneno DUKA LA PEMBEJEO kwa herufi za urefu wa mkono mzima. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo ndugu hawa wawili waliwahi kuzifanya pamoja. Hata jina lao, kwa chini, lina ukubwa wa kusomeka na mtu aliye ndani ya basi.

"Shikamoo, Mama Jenipher."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kweli au umekuja kuniambia rangi imekwisha?"

Kandida anacheka kwa aibu. Mwaka mzima amekuwa na sababu: mvua, rangi, homa ya Romana, ngazi imevunjika. Coletha anamgeukia mwandishi kama anayemshitaki mtoto kwa mwalimu.

"Nimemvumilia huyu. Mtu anapiga namba ya ukutani kwangu anapata Simanjiro, anarudi ananisema mimi. Lakini niliacha, kwa sababu najua anachongoja. Basi la Dodoma linapita hapa, na huu ndio ukuta wao wa kwanza kuuona ukiingia Babati."

Kandida hapingi. "Nilisema akija ataangalia hapa kwanza. Akikuta namba yetu haijafutwa, atajua sikufunga mlango." Anaweka makopo chini. "Najua akipiga angepata Simanjiro. Ulikuwa ujinga. Niliuacha makusudi."

Sasa hakuna tena nafasi ya kuuacha. Kampuni moja ya mbegu imekubaliana na Coletha kulipaka duka zima rangi zake bila malipo, na mafundi wao wanakuja Jumatatu. Ng'ombe, maneno, jina, namba, vyote vitakwenda.

"Nilikupigia mapema uje kwanza wewe," Coletha anamwambia, sauti imeshuka. "Nisingeweza kuwaacha wageni ndio wafute."

Anakwenda mwenyewe kuleta ngazi.

Kandida hafungui rangi. Anafungua karatasi la kaki, analibandika juu ya jina lao na namba, na kuanza kulikwaruza kwa kipande cha mkaa mpaka kingo za herufi zinajitokeza. Anashusha karatasi, analilaza juu ya gunia na kutoboa kwa sindano, tundu baada ya tundu, kufuata kila ukingo. Karatasi kama hilo likiwekwa kwenye ukuta mwingine na kupigwa vumbi la mkaa, herufi zile zile hutokea huko nukta nukta, tayari kwa brashi.

Kazi hiyo inamchukua saa nzima na zaidi. Wateja wanapita, wanamsalimia, wengine wanauliza kama ameanza ushonaji.

Kuhusu ukuta mwingine, habari ililetwa mwezi Agosti na Eliya, dereva wa lori la mbaazi anayelala Bonga akitoka safari. Alikuwa ameegesha kwenye gereji moja mtaa wa Nkuhungu, Dodoma, akaona maandishi ya ukutani, akayapiga picha kwa sababu yalimkumbusha duka la Mama Jenipher.

Kwenye picha hiyo Kandida aliijua saba kabla hajaisoma bei ya kubadilisha oili. Ilikuwa na kamkato katikati.

Wiki hiyo hiyo alipanda basi. Alikaa Dodoma siku mbili, akatembea Nkuhungu yote kwa miguu. Mkandarasi wa zamani alimwambia Wilbroad aliacha kazi kitambo, sasa anajitegemea. Mwenye gereji alimkumbuka vizuri: mtu mpole, alikuja mwezi Machi, akaandika siku moja, akalipwa, akaondoka.

"Nikamuuliza, hakuandika namba yake chini? Akasema nilimwambia aandike, akasema haina haja." Kandida anaacha kutoboa. "Wili ndiye aliyenifundisha kwamba ukuta usio na namba ni bubu. Aliandika namba kwenye kila ukuta wa mji huu. Halafu yeye mwenyewe akaacha. Hilo ndilo lililoniliza, kuliko kumkosa."

Kwenye basi la kurudi ndipo alipoamua. Msemo wa baba ulikuwa mzuri, lakini baba hakuwahi kumpoteza mtu ndani ya mji mkubwa. Aliposhuka stendi ya Babati alipita dukani kununua bando, na kesho yake akarekodi ile sentensi yake ya kwanza.

"Watu wanadhani najitangaza nipate kazi. Kazi nashukuru, nimezipata, Romana anasoma. Lakini kila nikisema 'Naitwa Kandida Sulle,' kuna mtu mmoja ninayemwambia. Wengine wote wanasikia tu."

Anasema "natamani," halafu anasita, kana kwamba neno lenyewe ni kujisifu. "Natamani siku moja nisirekodi kitu. Nichore tu. Mtu mwingine ashughulike na herufi."

Shemeji wa Eliya ana duka la vipuri huko huko Nkuhungu, lenye ukuta mweupe unaotazama barabara. Amekubali kuutoa. Kandida atamchorea upande mmoja bure, na upande wa barabara utakuwa wake. Atapanda lori la Eliya Jumamosi ya wiki ijayo, na Romana atalala kwa Mama Jenipher.

Huko ataandika SULLE SANAA, urefu wa mtu mzima, na namba yake mpya. Tarakimu atazichukua kwenye namba ya zamani, zile zinazofanana, ili saba ziwe na mkato wa baba.

Karatasi sasa limetobolewa lote. Mwandishi analitazama na kuona tarakimu, na herufi nane tu za jina. Mwanzo wa kila neno kuna nafasi tupu.

Kabla ya kulieleza hilo, Kandida anapanda ngazi na brashi ya rangi nyeupe. Safari hii hafanyi kama alivyofanya asubuhi kwa kinyozi. Anaanzia tarakimu ya kwanza na kusoma kila moja kwa sauti ya chini kabla ya kuipaka, mpaka zinakwisha zote kumi. Coletha amesimama mlangoni, mikono kwenye kanga.

Basi linalotoka Dodoma linapita likipiga honi. Kandida, juu ya ngazi, anageuka kutazama madirisha, yote, la mbele mpaka la mwisho. Kisha anashuka na kukunja karatasi lake taratibu lisichanike.

"Mbona S hukuzichukua?" mwandishi anauliza.

"Zile si zake, ni zangu." Anatabasamu. "Siku hizi naiandika vizuri S, imesimama, hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Lakini ile ya Dodoma nitaiandika kama zamani. Tumbo kubwa juu, iegemee nyuma, itoke kilabuni kabisa. Watu wa Dodoma watasema fundi huyu hajui kazi. Waseme."

Anaingiza karatasi kwenye bomba na kulifunga kwa uzi wa chaki.

"Wili akipita hapo hatafika hata kwenye namba. Ataona S, atacheka kwanza. Akishacheka, atapiga."